Ukolezo wa Pipa la Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimelianzisha mimi mwenyewe, mtu anayejulikana kuanzia geti la karakana mpaka kituo cha basi kwa jina la Ulimi. Sikujipa hilo jina. Watu walinipa baada ya kuiona kazi. Mwaka wa ishirini na mbili huu naonja siki. Nitie kijiko mdomoni, nifumbe macho, nitakwambia ni pipa namba ngapi, lilijazwa siku gani, na aliyelijaza asubuhi ile alikuwa amegombana na mkewe au la. Kuna siku walinifunga kitambaa machoni wakanipa vijiko kumi na viwili. Nikavitaja vyote. Cha kumi na tatu, walichokuwa wamekificha, nikakitaja kabla hakijatoka kabatini. (Hapo natia chumvi. Vijiko vilikuwa vinane, na vyote nilivipata.)

Sasa nisikilize, wewe daftari, maana wewe huna mdomo wa kupeleka maneno. Tangu ile homa ya mwezi uliopita, ulimi wangu umekufa. Siki naionja kama maji ya bomba. Pua nayo imekwenda likizo bila kuaga.

Karakana yetu inachachusha maganda ya nanasi mpaka yawe siki, na kwenye siki hiyo tunatia matango na vitunguu, tunafunga chupa. Siki isipofika ukali wa asilimia tano, vitu vinaozea humo humo chupani na mlaji anaweza kulazwa. Anayesema hii imefika, hii bado, ni mimi peke yangu. Mwenye karakana tunamwita Mama Mizani, kwa sababu anapima kila kitu, hata salamu. Siku akijua, unga wangu umemwagika. Nina miaka hamsini na mbili. Nani atamwajiri fundi ambaye kifaa chake cha kazi kimo kinywani, na kimeharibika?

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimeonja mapipa matatu. Yote nimesema "bado". Neno "bado" halijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Jumatano, 5 Machi

Akili ni nywele, wanasema, na mimi kipara kimeanza, lakini iliyobaki inatosha. Nimepata njia.

Kuna bwana mmoja kazini tunamwita Kifuniko. Kazi yake kuchemsha chupa na kukaza vifuniko. Sijawahi kumpenda. Nikisimulia jambo, wenzake wanaangua kicheko, yeye anafuta meza. Siku nyingine anacheka, lakini pale pasipochekesha. Leo nikamwita.

"Kifuniko, njoo nikufundishe kazi ya watu wazima. Onja hapa."

Akaonja. Mimi nikamkodolea macho. Mtu huyu uso wake ni kitabu! Siki dhaifu, anafumba jicho moja. Ikikaribia, anafumba yote mawili. Ikifika, macho yanafumba na shingo inazama mabegani kama kobe aliyeona mbwa. Pipa la nne limempeleka shingo yote ndani.

"Pipa la nne limefika," nikatangaza kwa sauti.

Mama Mizani akaandika. Kifuniko akarudi kwenye chupa zake. Hajui kwamba nimemgeuza kuwa ulimi wangu. Mimi ni fundi wa mafundi.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Pipa la sita: jicho moja. Bado.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekamatwa nyumbani kwangu.

Mtoto wa dada yangu anaishi kwangu tangu apate kazi ya maabara kwenye shule ya sekondari. Ni msichana mpole, ila macho yake hayana adabu, yanaona kila kitu. Mchana kanikamulia ndimu kwenye glasi, kaenda kutafuta sukari. Mimi nilikuwa katikati ya kumsimulia siku niliyosimamisha lori lililokatika breki kwa kuweka pipa la siki barabarani. Nikashushia glasi ile nzima.

Aliporudi na sukari alisimama mlangoni.

"Mjomba. Umekunywa ndimu tupu."

"Nimekunywa. Kwani vipi?"

"Hukukunja hata kope."

"Wanaume wa rika letu hatukunji kope."

"Mjomba, juzi ulitia chumvi kwenye chai."

Nikamwambia ni dawa ya kifua. Akavuta kiti akakaa, akaniangalia bila kusema kitu, na nyumba nzima nikasikia mvua tu kwenye bati. Mimi nimewahi kukabiliana na fahali uso kwa uso, lakini kimya cha mtoto huyu kikanishinda. Nikamweleza yote, hadi ya Kifuniko.

Hakucheka. Alisema, "Kwa hiyo watu wanakula chupa zilizopimwa kwa shingo ya mtu."

Likiandikwa hivyo, linatisha.

"Nitakufundisha kupima bila ulimi," akasema. "Kesho, baada ya kuosha vyombo. Na utaviosha wewe."

Jumapili, 9 Machi

Nimeosha vyombo. Kisha mezani kwetu kukasimama bomba jembamba la kioo, linaitwa bureti, lina mistari mikubwa hamsini, midogo katikati yake, na koki ndogo chini. Ni ya zamani, shule iliitupa, mkuu wa shule kamruhusu aichukue. Namba zimefutika kwa kuoshwa miaka na miaka, mistari tu ndiyo imebaki. Yeye namba anazo kichwani.

Nieleze kama nilivyoelewa. Siki ina asidi, na asidi ina mpinzani wake, kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Mpwa wangu ana maji ya kostiki ambayo nguvu yake inajulikana, nukta moja. Siki nguvu yake haijulikani. Unaweka siki kwenye flaski, kichupa cha kioo cha maabara, unadondosha kostiki tone kwa tone kutoka kwenye bureti. Fikiria ukumbi wa dansi. Kila kostiki anayeingia anamshika asidi mmoja, wanacheza. Asidi wote wakishapata wenzi, kostiki anayefuata anasimama peke yake katikati ya ukumbi, anaona haya, uso unamwiva. Hapo ndipo unafunga koki. Waliokwisha kuingia ukiwajua idadi, unajua asidi walikuwa wangapi.

Hiyo haya inaonekana kwa macho! Kuna dawa ya matone mawili, jina lake refu kama treni ya mizigo, mimi naiita dawa ya haya. Ndani ya siki haina rangi. Kostiki akizidi kidogo tu, flaski inakuwa waridi.

Mara ya kwanza nikafungua koki kwa nguvu za kiume. Flaski ikawa nyekundu kama kaptula ya mlinda mlango.

"Umepita, Mjomba."

"Si umesema iwe waridi? Nimekupa waridi ya kutosha."

"Tunataka waridi hafifu, ya mtu aliyesalimiwa asipotarajia. Hiyo yako ni ya mtu aliyefumaniwa."

Tukarudia. Yeye akisoma bureti, mimi nikishika koki. Mara ya nne tone moja likaanguka, rangi ikapita kama wingu, ikabaki. Nafsi yangu ikaruka. Sijaona kitu kizuri hivyo tangu nione baharini nyangumi akipiga mwayo. (Sijaona nyangumi.)

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Pipa la tano: macho yote mawili. Kesho litafika.

Jumapili, 16 Machi

Leo hesabu. Humu lazima niseme ukweli, maana daftari halicheki. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba niliacha shule darasa la tano kwa sababu mwalimu aliogopa nitamzidi. Niliacha kwa sababu ya desimali. Ile nukta. Niliiona kama nzi kwenye karatasi, sikujua kwa nini nzi akihama kiti kimoja mia inakuwa kumi. Nikaulizwa mbele ya darasa, nikanyamaza, wakacheka. Kesho yake sikurudi.

Nilimwambia mpwa wangu hivyo nikiwa nimegeukia dirishani. Akasema, "Sawa. Basi leo tumwelekeze huyo nzi pa kukaa." 

Tunafanya hivi. Siki ni kali, hivyo mililita kumi zake tunajazia maji safi mpaka mia: tumeipunguza mara kumi. Kwenye hiyo, ishirini zinaingia kwenye flaski. Tuseme kostiki imekwenda mililita kumi na tano. Kumi na tano mara nukta moja ni moja nukta tano. Gawa kwa ishirini: nukta sifuri saba tano. Rudisha mara kumi tulizopunguza: nukta saba tano. Huo ndio ukolezo. Zidisha kwa sitini, uzito wa hiyo asidi: gramu arobaini na tano kwenye lita. Ni asilimia nne na nusu.

"Ukolezo ndiyo nini hasa?" nikamuuliza.

"Ni kama hadithi zako, Mjomba. Ukweli ni ule ule. Swali ni umeuchanganya na maji kiasi gani."

Nimezungumza na mabosi, madereva wa masafa na nahodha mmoja wa ndege, hakuna aliyewahi kunikata maini kwa upole namna ile. Nikacheka mpaka nikakohoa. Halafu nikafanya hesabu sita peke yangu. Nne nimepata.

Jumanne, 18 Machi

Mke wa Kifuniko amejifungua. Amepewa siku nne. Ulimi wangu wa pili umekwenda kubembeleza mtoto. Nimempa hongera, na moyoni nikasema: kaka, umechagua wiki gani.

Alhamisi, 20 Machi

Siku kubwa! Mama Mizani asubuhi: "Ulimi, kuna oda ya chupa mia mbili. Pipa la tisa likoje?"

Kifuniko hayupo. Nilikuwa nimebeba bureti, kostiki na dawa yake ndani ya shuka, maana roho iliniambia. Nikajifungia stoo. Nikapima mililita kumi, nikajaza mpaka mia, nikaweka ishirini, matone mawili ya dawa ya haya. Tone kwa tone, mkono hautetemeki. Waridi hafifu! Ya mtu aliyesalimiwa! Nikahesabu mistari kwa ukucha, mara mbili: thelathini na tatu nukta mbili.

Nikakaa juu ya ndoo nikapiga hesabu. Mara nukta moja, gawa kwa ishirini, mara kumi, mara sitini, gawa kwa kumi iwe asilimia. Nzi nikamkalisha kila mahali pake. Jibu: tisa nukta tisa sita. Kasoro mbu kufika kumi!

Nikatoka stoo kifua mbele. "Mama, pipa la tisa ni asilimia kumi. Miaka ishirini na mbili sijaonja siki ya namna hii. Weka maji nusu kwa nusu, itabaki tano, na oda itatosha na kubaki."

Akanitazama. "Kumi?"

"Ulimi hausemi uongo."

Na kweli, ulimi haukusema chochote.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewasimulia kituo kizima cha basi kuhusu pipa la tisa. Kufikia jioni lilikuwa asilimia kumi na mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Kifuniko amerudi. Mtoto wa kike. Anafunga chupa za oda. Alichovya kidole akaonja, akaja pembeni yangu.

"Kaka, una uhakika na hili?"

"Unaniuliza mimi? Mimi, Ulimi?"

Akafuta mikono, akarudi kazini. Mtu ana mtoto wa siku sita ameshaanza kujifanya mjuzi.

Jumatano, 26 Machi

Jua leo, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika. Pipa la saba: jicho moja.

Ijumaa, 28 Machi

Chupa mia mbili zimevimba.

Nilifika nikakuta watu wamesimama mbele ya rafu kama walio msibani. Vifuniko vimepanda juu kama migongo ya kobe, na ndani siki imekuwa na ukungu, matango hayaonekani vizuri. Moja ikafyatuka mbele yetu, kifuniko kikagonga dari. Oda ilikuwa ichukuliwe Jumatatu.

Mama Mizani alishika chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga. Hakupiga kelele. Yeye akikasirika, sauti inashuka.

"Kifuniko. Chupa hizi zilichemshwa dakika ngapi?"

"Ishirini, Mama."

"Ishirini za saa, au ishirini za mtu asiyelala kwa ajili ya mtoto mchanga?"

"Ishirini za saa."

"Siki ilikuwa nzuri. Ulimi amethibitisha. Basi kilichobaki ni chupa." Akaweka chupa chini taratibu. "Jumatatu asubuhi tutazungumza mimi na wewe. Njoo na vitu vyako vyote vya kabatini."

Kifuniko aliniangalia. Mara moja tu, si kwa hasira. Nilijitia kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu vya kazini havina kamba.

Nilijiambia njia nzima kwamba labda kweli ni chupa. Mtu mwenye mtoto mchanga anasinzia. Mimi nilipima kwa sayansi. Nilijiambia hivyo mpaka mlangoni kwangu, na kila nilipojiambia neno likazidi kuwa jepesi, kama chai inayoongezwa maji.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikuwa na kichupa cha siki ya pipa la tisa, ile halisi kabla ya maji. Nilikiweka kumbukumbu, niwaonyeshe wajukuu. Leo asubuhi nimempa mpwa wangu, bila maneno. Akapima kwenye meza ya jikoni. Waridi. Akainama asome.

"Kumi na sita nukta nane."

"Haiwezekani. Mimi nilipata thelathini na tatu nukta mbili."

Akanyanyua kichwa.  Akasukuma karatasi ya hesabu mbele yangu. "Jumlisha hizo mbili, Mjomba."

Nikajumlisha. "Hamsini."

"Bureti ina mistari mingapi?"

"Hamsini."

Akaigeuza bureti inielekee. Na mimi nikaiangalia ile bureti, halafu nikaangalia mikono yangu, mikono ya mtu wa mapipa. Pipa unalipima kwa kijiti. Unazamisha, unasoma kutoka chini: hapa imebaki kiasi gani. Miaka ishirini na mbili nasoma kutoka chini. Bureti sifuri yake iko juu. Haiulizi kilichobaki, inauliza kilichotoka. Mimi nilihesabu kostiki waliobaki nje wakisubiri mlango, nikadhani ndio walioingia kucheza.

"Fanya hesabu yenye kumi na sita nukta nane," akasema.

Nukta nane nne. Gramu hamsini nukta nne. Asilimia tano nukta sifuri nne. Pipa lilikuwa limefika sawasawa, nami nikalitia maji nusu. Mbili na nusu. Ningeweza kumlaza mtu hospitalini. Na sasa mwenye mtoto wa siku kumi na moja anafukuzwa badala yangu.

Nilisema, "Nilipoona kumi, nilifurahi. Sikujiuliza. Nilitaka iwe kumi."

"Najua, Mjomba."

"Nitamwaga unga wangu Jumatatu."

"Nitakusindikiza?"

"Hapana. Nenda kazini kwako. Ila niazime bureti."

Jumatatu, 31 Machi

Nilifika kabla ya wote. Mama Mizani alikuwa ofisini, Kifuniko amesimama na mfuko wake. Niliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilianza na fahali. Nilipofungua mdomo ikatoka hivi: "Mama, chupa zilichemshwa sawa. Siki ndiyo mbovu, na niliyeiharibu ni mimi. Ulimi wangu umekufa tangu Februari. Nilipima kwa kifaa nikasoma kichwa chini miguu juu." Nikaweka bureti mezani, daftari hili pembeni, kurasa zimefunguliwa. Sijawahi kusimulia kitu kifupi namna ile.

Mama Mizani alisoma kurasa. Aliposoma ya shingo na kobe alisimama, akamwangalia Kifuniko.

"Kwa hiyo mapipa mawili ya mwezi huu yamepimwa na uso wako?"

"Ndiyo, Mama."

Mimi ndiye niliyeshtuka. "Ulijua?"

"Tangu siku ile ya kwanza, kaka. Anayeonja kweli anafumba macho. Wewe ulinikodolea kama unasubiri basi." Akakuna shingo. "Siki hainifanyi hivyo, mimi. Nimekula siki tangu utoto. Nilikuwa naikunja shingo makusudi, uone vizuri, usije ukakosea."

"Na mbona hukusema?"

"Mimi kazi yangu kufunika."

Alisema bila kucheka. Nikakumbuka vicheko vyake vyote vya mahali pasipochekesha, na nikaona, mmoja baada ya mwingine, kwamba ni pale nilipokuwa nadanganya.

Mama Mizani alifunga daftari. "Kifuniko, rudisha vitu vyako kabatini. Nilikupima vibaya, nisamehe." Sijawahi kusikia neno hilo kinywani mwake. Kisha akanigeukia. "Wewe, chupa mia mbili utazimwaga mwenyewe, na utaziosha mwenyewe. Mwenye oda nitamwambia asubiri wiki mbili. Kisha utapima pipa la kumi na moja mbele yangu, mara tatu. Majibu yakipishana zaidi ya mstari mmoja mdogo, umeondoka."

"Na yasipopishana?"

"Usipige domo. Mwaga chupa."

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwaga chupa mia mbili. Hii namba sijaitia chumvi, mgongo ni shahidi.

Jumapili, 6 Aprili

Mpwa wangu na mimi tumeandika namba upya kwenye bureti, kwa rangi yake ya kucha. Waridi. Sifuri juu, hamsini chini. Hamsini nimeiandika mimi, mkono ukiwa imara kama nguzo ya umeme. Akasema sifuri yangu imepinda. Nikasema hiyo ndiyo sifuri ya kisanii.

Jumatano, 9 Aprili

Pipa la kumi na moja, mbele ya Mama Mizani. Karakana nzima ilisimama mlangoni.

17.1. 17.2. 17.1.

Aliangalia namba, akaangalia flaski tatu zenye haya zilizopangwa mstari mmoja. Akachukua kipande cha chaki akaandika kwenye pipa 5.1, akashusha chaki chini yake akauliza, "Jina la mpimaji?"

"Ulimi," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Hilo halipimi kitu sasa."

Kifuniko akasema kutoka nyuma, "Mwandike Tone." Wakacheka wote. Nami nikacheka, na safari hii yeye alicheka pamoja na wengine.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua zimekatika. Asubuhi hii nikinywa chai nimesikia kitu pembeni ya ulimi. Kidogo, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Nikakimbilia ndimu, nikakata, nikalamba. Jicho moja likafumba lenyewe! Nikapiga kelele mpaka mpwa wangu akatoka bafuni na povu kichwani.

"Ulimi umerudi, Mjomba?"

"Umerudi!"

Nilikwenda karakana hivyo hivyo, siku ya mapumziko, nikamkuta Kifuniko anamalizia chupa za oda mpya, mtoto amefungwa kifuani kwake, amelala. Nikachota kijiko pipa la saba. Nikafumba macho kama zamani. Siki ikaja, uchachu na utamu wa nanasi kwa mbali, na machozi yakanilengalenga.

"Asilimia tano," nikasema. "Kamili. Naapa kwa kichwa changu. Nusu tone zaidi, nusu tone pungufu, hakuna."

 Kifuniko alinyoosha kidevu kuelekea kwenye bureti.

Nikapima. 15.4. Nikarudia. 15.4. Nikapiga hesabu, nzi mahali pake: nne nukta sita mbili.

Ulimi ulisema tano, na nilitaka sana iwe tano.

Nikachukua chaki nikaandika kwenye pipa: 4.62. Bado. Tone.